Treblinka: kwa nini walinzi wachache walitosha

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba katika kambi ya Wanazi ya Treblinka, Poland, waliuawa Wayahudi zaidi ya laki nane, na kwamba maafisa wa Kijerumani pale hawakuzidi thelathini. Hesabu hiyo hainiingii akilini. Watu wachache waliwezaje kuwashinda wengi kiasi hicho? Wale wafungwa waliofanyishwa kazi humo waliishi vipi, na mbona walingoja mwaka mzima ndipo wakaasi? Na kama ushahidi ulichomwa moto, idadi imejulikanaje?"

Ndugu msomaji, nianze na hesabu iliyokukwaza. Ukiwapanga watu laki nane upande huu na Wajerumani thelathini upande ule, kweli haiingii akilini. Lakini laki nane hao hawakuwahi kusimama pamoja hata siku moja. Waliingizwa kambini kwa mafungu ya mabehewa ishirini, kiasi cha watu elfu mbili kila fungu, na fungu moja lilikuwa hai ndani ya ua ule kwa muda wa saa mbili hivi, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo walinzi walikuwa wakikabiliana na watu elfu mbili ambao hawajanywa maji tangu jana, wamebeba watoto, hawajui wamefika wapi, na wanakimbizwa kwa mijeledi. Ukitaka kuielewa Treblinka, angalia muda. Wasiopewa muda hawakuweza lolote, na karibu wote waliokufa pale walikuwa hao. Wachache waliopewa muda waliasi.

Kabla sijaendelea, kuna picha moja lazima tuitoe njiani. Wengi wakisikia "kambi ya Wanazi" huona watu waliokonda, nguo za mistari, namba zilizochanjwa mkononi. Hiyo ni Auschwitz, na kambi za kazi na mateso kama Dachau. Namba za mkononi zilichanjwa Auschwitz peke yake. Treblinka, pamoja na Bełżec na Sobibór, zilikuwa kambi za maangamizi: hazikuwa na kiwanda cha kuendesha wala mabweni ya maelfu. Zilijengwa mashariki mwa Poland iliyokaliwa na Wajerumani, chini ya Odilo Globocnik, mkuu wa SS (jeshi la chama cha Wanazi) aliyekuwa na makao Lublin, kwa kazi moja tu, kuwaua Wayahudi wa eneo hilo. Bełżec ilianza Machi 1942, Sobibór Mei, Treblinka tarehe 23 Julai.

Treblinka ilikuwa ndogo ajabu. Urefu mita 600, upana mita 400. Mtu mzima anaizunguka kwa miguu chini ya nusu saa. Ilikuwa ndani ya msitu wa misonobari, karibu na makutano ya reli ya Małkinia, kama kilomita 80 kaskazini mashariki ya Warsaw. Palichaguliwa kwa ajili ya mambo hayo mawili: reli iko jirani, na watu hawaoni. (Kulikuwa tayari na kambi ya kazi ya machimbo ya kokoto kilomita chache tu kutoka hapo, inaitwa Treblinka ya Kwanza. Usizichanganye.)

Wajerumani na Waaustria wenyewe walikuwa kati ya ishirini na thelathini, na hawakuwa wanagenzi. Wengi wao walitoka kwenye mpango wa siri wa Ujerumani wa kuwaua kwa gesi wagonjwa wa akili na walemavu, raia wao wenyewe, ulioanza 1939 na 1940. Chini yao walikuwepo walinzi kama mia moja, wengi vijana wa Kiukreni waliotekwa wakiwa wanajeshi wa Kisovieti, wakachukuliwa kwenye kambi za mateka walikokuwa wanakufa njaa na kufundishwa kazi katika kijiji cha Trawniki. Hapa kuna jambo msomaji wa Kiswahili atalishtukia: Wajerumani waliwaita walinzi hao "Askaris". Ni neno letu lile lile, walilobeba kutoka kwenye koloni lao la Afrika Mashariki, na limo hata katika ripoti rasmi ya jenerali aliyezima uasi wa ghetto la Warsaw (mtaa waliofungiwa Wayahudi) mwaka 1943, katika orodha ya majeruhi wake.

Kundi la tatu ndilo linaloikamilisha hesabu yako: wafungwa Wayahudi wenyewe, kati ya 700 na 1,000 kwa wakati mmoja, waliolazimishwa kufanya kazi zote zilizobaki. Hao nitawarudia.

Udanganyifu ulianzia mbali na kambi. Kuanzia tarehe 22 Julai hadi 21 Septemba 1942, zaidi ya watu 250,000 walitolewa ghetto la Warsaw. Waliambiwa wanahamishiwa mashariki kufanya kazi. Katika mji ambao watu walikuwa wakianguka barabarani kwa njaa, yeyote aliyejipeleka mwenyewe uwanja wa treni aliahidiwa kilo tatu za mkate na kilo moja ya jemu. Maelfu walijipeleka. Kiongozi wa baraza la Wayahudi wa ghetto, Adam Czerniaków, alielewa maana ya amri ile akajiua tarehe 23 Julai. Mwanzoni mwa Agosti daktari na mwalimu Janusz Korczak aliondoka na watoto wake wa kituo cha yatima, karibu mia mbili, akikataa kuachana nao.

Usafiri ulishughulikiwa kama usafiri wowote. Shirika la reli la Ujerumani liliidai polisi nauli ya daraja la tatu, ya kwenda tu. Mtoto chini ya miaka kumi nusu nauli, chini ya miaka minne bure, na kundi likizidi watu 400 kulikuwa na punguzo. Abiria wenyewe walikuwa katika mabehewa ya mizigo yaliyofungwa. Safari fupi ile ilichukua usiku kucha au zaidi kwa sababu treni za jeshi zilipita kwanza, na katika joto la Agosti wengi walikufa njiani kwa kiu na kukosa hewa. Treni ya mabehewa hamsini au sitini ilisimama stesheni ya kijiji cha Treblinka, ikakatwa, na ishirini ishirini zikasukumwa hadi ndani ya kambi.

Milango ikifunguliwa, kila kitu kilikuwa haraka. Wanaume kulia, wanawake na watoto kushoto. Wanavua nguo: wanawake ndani ya banda, wanaume nje. Wanaambiwa ni kituo cha kupita, wataoga, nguo zitatiwa dawa, fedha wakabidhi. Wazee, wagonjwa na watoto wasio na mtu walielekezwa kwenye kibanda chenye bendera ya msalaba mwekundu kilichoitwa Lazarett, yaani hospitali. Nyuma yake palikuwa na shimo na mtu mwenye bunduki. Wengine walikimbizwa kwenye kichochoro cha seng'enge zilizosukiwa matawi ya misonobari ili mtu asione kushoto wala kulia. Wajerumani walikiita "mpira wa maji", na kwa mzaha wao, njia ya mbinguni. Kiliishia kwenye jengo lililoandaliwa lionekane bafu, na humo waliuawa kwa moshi wa injini. Mwanzo kulikuwa na vyumba vitatu. Baadaye mwaka huo huo wa 1942 likaongezwa jengo lenye vyumba kumi.

Kukimbizwa kwenyewe kulikuwa na sababu. Mtu anayekimbia uchi, mikono juu, anapigwa na mbwa wanamrukia, hana nafasi ya kufikiri wala ya kuzungumza na jirani yake. Na kwa kuwatanguliza wanawake na watoto au kuwatenganisha na wanaume, kila mwanamume aliyetaka kupigana alijua familia yake iko mikononi mwao. Hata hivyo wapo waliopigana. Desemba 1942 vijana wa treni iliyotoka upande wa Grodno waliwarukia walinzi, wakapigwa risasi karibu wote.

Udanganyifu ulipovunjika ndipo tunaona ulivyokuwa na kazi. Kamanda wa kwanza, daktari Irmfried Eberl, alitaka sifa ya kuua wengi upesi kuliko kambi nyingine. Agosti 1942 alipokea treni nyingi kupita uwezo wa kambi. Injini iliharibika mara kwa mara, mashimo yakajaa, maiti zikarundikana hadi karibu na jukwaa, milima ya nguo ikaziba uwanja, na treni zilizosubiri stesheni zikawa siku nzima juani. Waliofika walinusa na kuona kabla mlango haujafunguliwa, basi wakakataa kutoka, wakabomoa mabehewa, wakaruka. Walinzi walijibu kwa risasi, maiti zikaongezeka, na treni iliyofuata ikaona zaidi. Mwisho wa mwezi Globocnik alimfukuza Eberl, treni zikasimamishwa siku kadhaa, na Franz Stangl akaletwa kutoka Sobibór. Yeye alipanga. Baadaye akaagiza stesheni ya bandia ijengwe: vidirisha vya tiketi, ratiba za treni, vibao vya kuelekeza, na saa ya mbao iliyochorwa mishale yake ikiwa saa kumi na mbili daima.

Stangl ndiye pia aliyebadilisha maisha ya wafungwa wafanyakazi, na hapa naingia kwenye sehemu ya pili ya swali lako.

Wakati wa Eberl, vijana wenye nguvu walichaguliwa kutoka kila treni, wakafanyishwa kazi siku moja, mbili, tatu, kisha wakauawa na wengine kuchukua nafasi yao. Mtu asiye na kesho hana cha kupoteza. Tarehe 11 Septemba 1942, wakati wa kuhesabiwa jioni, mfungwa Meir Berliner, Myahudi mwenye uraia wa Argentina aliyempoteza mke na binti yake pale pale, alitoka kwenye mstari akamchoma kisu afisa wa SS Max Bialas. Bialas alikufa. Berliner aliuawa papo hapo, na wafungwa wengi wakauawa kulipiza kisasi. Wengine walitoroka kwa kujificha ndani ya mabehewa yaliyobeba nguo za marehemu kwenda Ujerumani. Mmoja wao, Abraham Krzepicki, alirudi ghetto la Warsaw akasimulia yote. Maneno yake yakaandikwa na kufukiwa ardhini pamoja na hifadhi ya siri ya nyaraka za ghetto, yakachimbuliwa baada ya vita.

Wajerumani waliona hasara mbili: wafungwa wapya kila siku hawajui kazi, na wanaojua watakufa kesho ni hatari. Kwa hiyo vikaundwa vikosi vya kudumu, kila kimoja na rangi yake. Wa rangi ya bluu walisafisha mabehewa na kuondoa waliokufa njiani. Wekundu walisimamia kuvua nguo. Kikosi kikubwa kuliko vyote kilipanga mali: makoti kwa makoti, miwani kwa miwani, na kila vazi lilipekuliwa na kutolewa nyota ya Kiyahudi kabla halijafungwa robota. Walikuwepo wa kukusanya dhahabu, vinyozi wa kukata nywele za wanawake, wakata matawi ya kufichia ua, mafundi seremala, washonaji, na wanawake wachache wa jikoni na udobini. Upande wa pili wa uzio, ulioitwa wa juu, kwenye vyumba vya gesi na mashimo, wafungwa mia mbili au tatu hivi waliishi peke yao, wamekatazwa kuonana na wa upande wa chini. Hao walibeba maiti.

Kazi ilianza alfajiri na kuhesabiwa, ikaisha jioni kwa kuhesabiwa tena. Wakati huo ndio uliokuwa wa adhabu: viboko ishirini na tano juu ya benchi, na mwenye kupigwa anahesabu kwa sauti, akikosea, inaanza moja. Aliyebaki na alama ya mjeledi usoni alikuwa amekwisha, kwa kuwa kesho yake waliochakaa walitolewa mstarini wakapelekwa Lazarett. Wafungwa wa Kipolandi waliiita alama hiyo klepsydra, jina la tangazo la kifo linalobandikwa ukutani. Ndiyo maana walijifunza kuuficha uso na kuacha mgongo upigwe. Naibu wa kamanda, Kurt Franz, ambaye wafungwa walimbandika jina Lalka, yaani mwanasesere, kwa uzuri wa sura yake, alizunguka na mbwa aliyeitwa Barry, aliyefundishwa kurarua watu. Mwanamuziki mashuhuri wa Warsaw, Artur Gold, aliamriwa kuongoza bendi, na wafungwa wakaimbishwa wimbo wa kambi kila jioni. Chooni aliwekwa mfungwa aliyevalishwa nguo za kirabi na saa ya mezani shingoni, awapimie wenzake dakika mbili. Usiku mabwenini waliswali Kaddish, sala ya Kiyahudi ya wafu. Wengi walijiua usiku, hasa miezi ya mwanzo.

Sasa chakula. Kambi ilitoa mchuzi mwepesi na mkate kidogo, lakini wafungwa wa Treblinka walishiba kuliko wa Auschwitz, na walivaa suti na buti nzuri. Vyote vilitoka kwenye mizigo ya waliouawa. Ndiyo hali iliyowatafuna rohoni baadhi ya walionusurika hadi uzeeni: treni zikija, kuna mkate na kuna sababu ya kuachwa hai, treni zisipokuja, hakuna. Mwanzoni mwa 1943 treni karibu zikauke. Njaa ikaingia kambini, na tifasi, homa inayoenezwa na chawa, ikaingia nayo. Wagonjwa walipigwa risasi. Mwezi Machi zikaja treni za Wayahudi kutoka Ugiriki na Makedonia, maeneo ya Salonika na yale yaliyoshikwa na Bulgaria, watu waliobeba vyakula vya safari ndefu. Waliokuwa wakifa njaa walikula. Sioni haja ya kuwahukumu, na anayewahukumu hajaelewa kwamba hali hiyo ilitengenezwa makusudi.

Mbona mwaka mzima, basi? Kwanza, hawakuwa watu wale wale mwaka mzima. Walioupanga uasi ule wengi wao walifika kati ya Septemba 1942 na mwanzo wa 1943. Pili, uasi unahitaji kuaminiana, na kuaminiana kunahitaji miezi. Kamati ya siri iliundwa katika majira hayo ya ukame wa treni. Alikuwemo Julian Chorążycki, daktari wa zahanati ya SS, ambaye angeweza kuzunguka. Marceli Galewski, mhandisi aliyekuwa mkuu wa wafungwa. Na Želomír Bloch, afisa wa jeshi la Chekoslovakia. Mpango wa kwanza ulikuwa kununua silaha nje kupitia walinzi. Aprili 1943 Franz alimkuta Chorążycki na fedha nyingi. Daktari alimrukia, kisha akameza sumu ili asihojiwe. Bloch naye alihamishiwa upande wa vyumba vya gesi kwa adhabu, ikawa bahati: huko wakapata mwanajeshi wa kuwaongoza.

Njia ya pili ilikuwa ghala la silaha la Wajerumani wenyewe. Mafundi wa makufuli walipoitwa kutengeneza mlango wake wa chuma, wakachonga ufunguo wa ziada. Vijana waliotumikishwa kwenye makazi ya SS waliingia wakatoa masanduku ya mabomu ya mkono, kumbe hayana viwashio. Wakayarudisha kabla hayajagunduliwa, na siku ikaahirishwa. Mjumbe kati ya pande mbili alikuwa seremala Jankiel Wiernik, kwa kuwa ufundi wake ulihitajika kote kote.

Kilichoamua tarehe ni hesabu ya maiti. Tangu mwanzo wa 1943 wafungwa wa upande wa juu walikuwa wakilazimishwa kufukua makaburi na kuchoma miili juu ya vyuma vya reli ili alama ifutike. Julai kazi ilikaribia kuisha, na walijua kwamba ikiisha, ni zamu yao. Wakatuma neno: ama sasa, ama tutaanza peke yetu.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 1943, siku ya joto kali, baadhi ya walinzi walikwenda kuoga mto Bug. Saa iliyopangwa ilikuwa kumi na nusu alasiri. Silaha zilianza kutolewa ghalani kwenye mikokoteni ya takataka, na mfungwa ambaye kazi yake ilikuwa kupulizia mabanda dawa ya wadudu alipulizia petroli. Lakini kabla ya saa kumi afisa Kurt Küttner alimkamata kijana akiwa na fedha. Waliogopa atasema. Mmoja akampiga Küttner risasi, na uasi ukaanza silaha hazijagawiwa zote. Hapo ndipo mengi yalipoharibika: nyaya za simu hazikukatwa, minara haikunyamazishwa, na makundi hayakupata amri. Tangi la mafuta lililipuka, mabanda ya mbao yakawaka. Jengo la vyumba vya gesi, la matofali, halikuungua. Wengi waliuawa kwenye uzio na vizuizi vya vifaru vilivyokuwa nje yake.

Kati ya wafungwa 840 hivi, kati ya mia tatu na mia nne walivuka. Msako wa farasi, magari na mbwa uliwapata wengi siku ile na zilizofuata. Walioishi hadi mwisho wa vita ni takriban sabini. Wa mwisho kati yao, Samuel Willenberg, alifariki Israel mwaka 2016. Watu wa treni mbili tatu kutoka mji wa Białystok waliuawa hata baada ya uasi, ndipo kambi ikabomolewa; Novemba wafungwa waliobaki wakapigwa risasi, ardhi ikalimwa na kupandwa, na mlinzi mmoja wa zamani akawekwa na familia yake kwenye nyumba ya shamba, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Kuhusu idadi. Hapakuwa na orodha za majina, kwa kuwa hakuna aliyeandikishwa. Lakini treni huacha nyaraka. Franciszek Ząbecki, mfanyakazi wa stesheni ya Treblinka na mwanachama wa upinzani wa Kipolandi, alihesabu kila behewa, kwa kuwa idadi ya waliomo iliandikwa kwa chaki ubavuni, na akaficha baadhi ya hati za usafirishaji. Alitoa ushahidi kwenye kesi za Düsseldorf ambako Kurt Franz mwaka 1965 na Stangl mwaka 1970 walihukumiwa kifungo cha maisha. Kisha mwaka 2000, ndani ya nyaraka za Uingereza, ikapatikana simu ya maandishi ya siri ya Wajerumani ya tarehe 11 Januari 1943 iliyonaswa na Waingereza wakati wa vita bila kuelewa maana yake. Imetaja waliofikishwa hadi mwisho wa 1942 kwa herufi ya kwanza ya kila kambi (L ni kambi ya Lublin, yaani Majdanek; nyingine ni Bełżec, Sobibór na Treblinka): L 24,733, B 434,508, S 101,370, T 71,355, jumla 1,274,166. Ukijumlisha hizo nne hupati jumla hiyo. Aliyenakili aliangusha tarakimu moja ya T. Weka 713,555, na hesabu inatoka sawasawa. Hao ni wa miezi mitano tu ya Treblinka. Ukiongeza treni za 1943, wanahistoria huweka jumla kati ya 800,000 na 925,000, wakiwemo watu wa jamii ya Roma (waitwao pia Wajipsi) elfu mbili au zaidi.